Maji Huingia Penye Kiungo

Mtu aliyekwisha kuvuka miaka sabini hutazamiwa akae barazani, aitikie shikamoo za wapitao na kusimulia habari za zamani. Mimi mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikuwa nimelala chali juu ya mkeka chini ya boti kuukuu ya alumini, chaki mkononi, nikingoja maji yanidondokee usoni. Boti ilikuwa imeinuliwa juu ya magadi, na ndani yake tulikuwa tumemimina maji ya kina cha vidole vinne. Kila tone lilipojitokeza upande wa chini, nililizungushia duara.

Chaki naijua. Nimeishika tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1973 hadi nilipostaafu mwaka 2011 nikiwa mwalimu mkuu. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kuitumia kutafuta kosa huku nimelala chini yake.

Historia ya boti hiyo kijijini kwetu, katika mwambao wa Tanga, ni fupi. Ililetwa na mradi mmoja wa uvuvi katika miaka ya 1980. Mradi ulipokwisha, injini ilikwenda isikojulikana, nayo boti ikabaki chini ya mwembe, mbuzi wakiifanya kivuli chao. Ina urefu wa futi 14, imeungwa kwa ribiti, na haina rangi tena. Walipokuja wanunuzi wa vyuma chakavu, serikali ya kijiji ilikuwa tayari kuipima kwa kilo. Ingeyeyushwa ikawa sufuria. Si aibu kuwa sufuria, lakini niliomba nipewe miezi sita niitengeneze, ili ikiwezekana iwavushe watoto wa shule kwenye hori letu, ambalo kulizunguka kwa miguu ni mwendo wa saa mbili wakati wa masika. Nikakubaliwa.

Kilichonisukuma si hisani peke yake. Sababu yenyewe nitaieleza mbele, kwani bila hiyo habari hizi zingekuwa za fundi tu, si za mwalimu. Kwanza nianze na historia, maana ndilo somo nililolifundisha.

Hakuna chombo duniani kisichovuja. Mtumbwi uliochongwa katika gogo moja ndio unaokaribia, kwa sababu hauna viungo. Nao ukipata ufa huvuja vilevile. Mara mwanadamu alipotaka chombo kikubwa kuliko mti mmoja, ilimbidi aunge ubao na ubao, na hapo ndipo alipoyafungulia maji mlango. Historia ya vyombo vya baharini inaweza kuandikwa yote kama historia ya kiungo: watu waliunganishaje, na walizuiaje maji penye kiungo.

Wazee wa pwani yetu walishona. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na kinasema kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwapo hapo. Mahali hasa palipokuwa na bandari hiyo wanazuoni bado wanabishania, lakini juu ya mshono hakuna ubishi. Karne kumi na nne baadaye, mwaka 1498, Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walipofika kisiwa cha Msumbiji walikuta vyombo vyenye sitaha visivyokuwa na msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba.

Chombo mashuhuri cha namna hiyo kwetu ni mtepe wa Lamu na visiwa vyake. Mbao zilitobolewa matundu kando kando, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha matundu yakazibwa kwa nyuzi. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba vyombo vya kushonwa vya Uhindi na Yemen vilikuwa na faida moja: vilipogonga mwamba vilinepa visivunjike, ilhali vya misumari hupasuka. Kabla yake, mwishoni mwa karne ya 13, Marco Polo aliviona vyombo kama hivyo huko Hormuz naye hakuvipenda hata kidogo. Alisema ni vibaya, havipakwi lami bali mafuta ya samaki, na vingi huzama.

Nilipokuwa nikifundisha niliwauliza wanafunzi wangu nani kati ya hao wawili alisema kweli. Jibu ni kwamba wote wawili. Mshono unaonepa ndio huohuo unaovuja. Mtepe ulivuja safari nzima, na kwa hiyo kukumba maji kulikuwa zamu kama zamu ya usukani. Tena kamba huoza, na kila baada ya muda chombo kilifumuliwa kikashonwa upya. Watu wale hawakudanganyana kwamba chombo chao hakiingizi maji. Walijua kinaingiza, wakapanga kazi zao kwa kulijua hilo.

Misumari ilipoenea, mtepe ulianza kutoweka, na kufikia Vita Kuu ya Pili ulikuwa umekwisha kuondoka baharini. Miaka ya mwanzo ya 2000 ulijengwa mmoja Unguja kwa ukumbusho, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Jumba hilo nalo, baada ya miaka mingi ya nyufa, liliporomoka sehemu mwezi wa Desemba 2020. Methali ya ufa na ukuta tunaifundisha darasa la tatu, lakini ni watu wazima ndio hasa wanaoihitaji.

Baada ya mshono ikaja kalafati. Jahazi na mashua zetu huungwa kwa misumari, na kati ya ubao na ubao hupigiliwa pamba iliyolowekwa katika mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa. Hata msumari wenyewe, kabla ya kupigwa, huzungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake, maana kila msumari ni tundu. Fundi hushika chembeu kwa mkono wa kushoto na nyundo ya mti kwa mkono wa kulia, akaisukuma pamba ndani ya mshono kidogo kidogo. Akizidisha, atazitanua mbao. Akipunguza, maji yatapita. Sikio humwambia: mshono uliojaa hutoa mlio mkavu. Kisha chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wa baharini wasile mbao. Kazi hiyo hufanywa wakati wa bamvua, chombo kikikwezwa pwani maji yakiwa yamejaa, kikaegemezwa kwenye magadi maji yanapokupwa.

Jirani yangu ni mmoja wa mafundi wa mwisho wa kazi hiyo hapa kwetu. Amenizidi umri kwa miaka minane na bado ananiita Mwalimu, kwa kuwa niliwasomesha wanawe. Siku boti ilipoletwa uani kwangu, alikuja na mkongojo wake, nikamwamkia, akaizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akaipiga konzi.

“Mwalimu,” akasema, “chombo hiki hakinywi maji.”

“Hakinywi vipi, Fundi, nacho kinavuja kama chujio?”

“Kinavuja, lakini hakinywi. Mbao ukizitia baharini hunywa maji, zikavimba, zikabanana, zikajiziba zenyewe. Siku ya kwanza mashua huvuja, siku ya tatu imenyamaza. Hiki hakitanyamaza. Kila tundu utakaloliacha leo utalikuta kesho, tena kubwa zaidi.”

Hayo ndiyo maneno ya maana kuliko yote niliyoyasikia katika kazi ile, na sikuyasoma katika kitabu chochote. Chombo cha mbao humsaidia fundi wake. Cha alumini hakimsaidii mtu.

Sasa nieleze kwa nini maneno hayo yalinichoma. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya hori kama hili. Tulikuwa na mashua ndogo ya mbao iliyowavusha watoto asubuhi na mchana. Mwezi wa Septemba ilianza kuvuja kuliko kawaida. Mafundi waliniambia kalafati imekwisha, ikwezwe bamvua lijalo, kazi ya wiki moja. Lakini wiki hiyo ilikuwa ya mtihani wa darasa la saba, na shule yetu mwaka uliotangulia ilikuwa imefanya vizuri wilayani. Sikutaka mtoto hata mmoja akose. Nikanunua lami, nikaiyeyusha katika debe, nikaipaka mwenyewe kwa ndani juu ya mshono uliokuwa ukivuja. Ikawa nyeusi, nadhifu, inang'aa. Maji yakakoma, au yakaonekana yamekoma.

Asubuhi ya siku ya pili, mvulana mmoja wa darasa la nne alinyoosha mkono akiwa ndani ya mashua, kama tulivyomfundisha kunyoosha darasani. Akasema, “Mwalimu, pale penye lami pametuna.” Nikamwambia akae atulie.

Kosa la kupaka kwa ndani kila fundi analijua. Maji ya nje husukuma kuelekea ndani. Kiraka kilichopakwa ndani hakibanwi na maji, hubanduliwa. Katikati ya hori lami ilibanduka kipande kizima kama ganda la kidonda. Watoto kumi na wanne walikuwa ndani. Wakubwa walikumba maji kwa mabakuli ya uji, wadogo wakalia. Wavuvi wawili waliokuwa katika ngalawa walitufikia maji yakiwa yamefika kwenye viti, na mashua ilipinduka wakati wa kuwahamisha. Wote waliokolewa. Msichana mmoja wa darasa la tano alikunywa maji mengi, akalazwa siku tatu. Alipopona, baba yake alikuja ofisini akaniambia kwa adabu kabisa kwamba binti yake hatarudi shuleni. Nami nilinyamaza. Hakurudi.

Jioni ile niliandika katika kitabu cha kumbukumbu za shule: “Chombo kilipata hitilafu, hakuna madhara makubwa.” Sentensi nadhifu, nyeusi, inayong'aa. Nilipaka lami mara mbili siku zile, na mara ya pili ilidumu miaka arobaini.

Basi nilipolala chini ya boti ya alumini, ndugu msomaji, sikuwa nikijifunza ufundi tu.

Alumini ni madini machanga katika mikono ya watu. Ingawa imejaa ardhini, ilikuwa ghali mno hadi mwaka 1886, pale vijana wawili, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja bila kumjua mwenziwe, walipogundua namna ya kuitenga kwa nguvu za umeme. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuundia vyombo. Mwaka 1896 Luteni Hourst wa Ufaransa aliteremka Mto Niger kutoka Timbuktu hadi baharini akiwa na chombo cha alumini kilichoitwa Davoust. Faida yake ilijulikana mapema: ni nyepesi, yapata theluthi moja ya uzito wa chuma.

Hasara yake ilijulikana mapema vilevile. Mwaka 1895, huko Rhode Island, Marekani, muundaji Nathanael Herreshoff alitengeneza jahazi la mashindano liitwalo Defender. Sehemu iliyo chini ya maji aliifunika kwa mchanganyiko wa shaba, sehemu ya juu kwa alumini, na mataruma yake yalikuwa ya chuma cha pua. Lilikuwa jepesi na lenye kasi, likalishinda Valkyrie III la Uingereza. Lakini metali mbili zisizofanana zikikutana ndani ya maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri: umeme mdogo hupita kati yake, na iliyo dhaifu huliwa kwa ajili ya iliyo na nguvu. Kati ya shaba na alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Defender lilianza kuoza upesi, na mwaka 1901 likavunjwa. Halikuwahi kufikisha umri ambao jahazi letu la mvule ndio kwanza huhesabiwa kuwa limezoea bahari.

Somo hilo liliwafanya watu watafute michanganyiko mingine ya alumini inayostahimili maji, hasa ile yenye magnesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege vilibaki na mafundi wa ribiti na mabati ya alumini lakini bila vita. Kampuni ya Grumman ya New York, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita za jeshi la majini, ilianza kutengeneza mitumbwi ya alumini mwaka 1945, baada ya mkuu wake mmoja, William Hoffman, kuchoka kubeba mtumbwi mzito wa mbao na turubai katika safari ya mapumziko mwaka 1944. Ndiyo maana boti kama yetu inafanana na ubawa wa ndege: mabati membamba, mataruma, na safu za ribiti. Na kila ribiti, kama ule msumari wa jahazi, ni tundu.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Kwanza tuliing'oa sakafu ya mbao. Chini yake tulikuta tope kavu, magamba ya chaza, na unga mweupe. Alumini hujikinga kwa ngozi nyembamba sana ambayo hujitengeneza yenyewe ikipata hewa. Ikifunikwa na tope bichi isipate hewa, ngozi hiyo haijirekebishi, na chumvi huitoboa vitundu vidogo vidogo. Unga mweupe ndio kutu yake. Tukasugua kwa maji na brashi ya nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Brashi ya chuma cha kawaida huacha vumbi lake juu ya alumini na kuanza ugonjwa upya.

Upande wa kulia, karibu na tezi, tulikuta kiraka. Mtu fulani, zamani, aliona maji yakiingia akakata kipande cha shaba nyekundu, akakikaza kwa skrubu za shaba, akakifunika kwa lami. Kipande kilikuwa kizima kabisa. Alumini iliyokizunguka ndiyo iliyokuwa imeliwa, ukawa ukingo kama wa karatasi iliyotafunwa na mende. Yule mtu alitaka mema. Alitumia metali bora aliyokuwa nayo, tena ghali kuliko alumini, na kwa kufanya hivyo aliongeza tundu alilotaka kuliziba. Fundi alikitazama kiraka kile kwa muda akasema, “Huyu alikuwa na haraka.” Sikumjibu.

Ndipo tukaimimina maji. Watu wengi hutafuta uvujaji kwa kuitia boti baharini na kuchungulia ndani, lakini maji yaliyoingia hutambaa chini ya mataruma yakatokea mbali na tundu lake. Ukiijaza maji ikiwa nchi kavu, tundu hujionyesha lenyewe kwa nje. Tahadhari ni moja: lita moja ya maji ni kilo moja, na boti iliyozoea kusukumwa na bahari kutoka nje inaweza kupindika ikijazwa kutoka ndani. Vidole vinne vinatosha, na magadi yawe karibu karibu. Nilichora duara arobaini na tatu.

Ribiti nyingi hazikuwa zimekatika, zilikuwa zimelegea tu. Hizo hazizibwi kwa gundi, hukazwa. Kijana mmoja alishika nyundo nzito ya kuvunjia mawe, akaibana kwa nje kwenye kichwa cha ribiti, mwingine akagonga mkia wake kwa ndani kwa nyundo ndogo. Asiyegonga ndiye mwenye kazi kubwa, kwa kuwa akilegeza mkono ribiti hupinda na tundu hutanuka. Kwa njia hiyo thelathini na moja zilinyamaza. Kumi na mbili zilizobaki tulizitoboa kwa kekee tukazitoa, tukatia mpya za alumini nzima, kila moja imepakwa gundi ya bahari kabla ya kuingia. Zile ribiti za dukani zenye tundu katikati hazifai chini ya maji, kwani hupitisha maji katika tundu lake lenyewe. Kwa kiraka, tulikata sehemu yote iliyoliwa hadi kufikia metali nzima, tukafunika kwa bati la alumini ya namna ileile, kwa nje, ili maji yalisukume likaze. Penye viungo tulisafisha kwa asetoni hadi kitambaa kikatoka cheupe, tukapitisha gundi ya epoksi. Mwisho tukapaka rangi isiyokuwa na shaba, maana rangi nyingi za kuzuia chaza huwa na shaba ndani yake, na kwa boti hii ingekuwa sumu. Hata sarafu ya shaba ikidondoka ngamani ikaachwa humo inaweza kutoboa. Nyuma tulifunga kipande cha zinki, nayo ni dhaifu kuliko alumini, ili bahari ikitaka kula ile hicho. Hubadilishwa kikiisha.

Tukajaza tena maji. Nilikaa chini yake saa mbili. Ribiti moja, ya safu ya tatu kutoka omo, ilitoa jasho. Si tone, ni jasho tu. Vijana walitaka kuipaka gundi juu juu. Nikawaambia hapana, itolewe. Fundi akacheka, akasema, “Mwalimu amehitimu.”

Wahenga wetu walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yakiingia mbele au nyuma yataishia chini, katika ngama, na huko ndiko mtu anakopaswa kutazama. Kosa la boti za chuma na alumini halikuwa kwamba zilivuja. Kosa ni kwamba zilipofika ziliahidi kutovuja, nasi tukaacha kutazama ngamani. Baharia wa mtepe alikumba maji kila siku kwa hiyo alikijua chombo chake kila siku. Sisi tulipewa chombo kikavu tukakiweka chini ya mwembe.

Boti ilipokuwa tayari, kabla ya kuishusha majini, nilikwenda kumtembelea yule msichana wa darasa la tano. Sasa ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, na anauza maandazi vijiji viwili kutoka hapa. Alinishikamoo, akanitilia chai. Nikamweleza yote: mtihani, lami, yule mvulana aliyenyoosha mkono, na kile nilichokiandika kitabuni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi au kwa hasira. Alinisikiliza huku akigeuza maandazi, akasema, “Mwalimu, mbona sisi tulikuwa tunajua? Tuliiona lami. Wote tulijua. Tulikuwa tunangoja wewe useme.”

Nikamwomba radhi, akaipokea. Nikamwambia mjukuu wake anayesoma katika shule yetu ataweza kuvuka kwa boti. Akanitazama kwa heshima ileile ya baba yake. “Nashukuru, Mwalimu. Wangu atazunguka kwa miguu.”

Sikumshawishi. Ni haki yake.

Boti inavusha sasa, watoto wanane kwa safari na si zaidi, kila mmoja na koti la kuelea. Ndani yake liko daftari. Kila asubuhi mtoto wa zamu huinua ubao wa sakafu, hutazama ngamani na kuandika alichokiona: kukavu, au maji, na kiasi gani. Akiandika maji, boti haiondoki mpaka sababu ijulikane, hata kama ni siku ya mtihani. Mara tatu haikuondoka. Mara mbili yalikuwa maji ya mvua, na mara ya tatu ribiti ilikuwa imelegea.

Kile kitabu cha kumbukumbu cha mwaka 1984 si changu tena, na mwalimu aliyestaafu hana ruhusa ya kuandika humo. Kwa hiyo naandika sahihisho langu hapa. Siku ile chombo hakikupata hitilafu. Chombo kilivuja, mtoto aliona, akasema, nami nikamwambia akae.